Mstari wa Profesa Pruitt

Tk. Tk-tk. Tk.

Ndani ya ukuta, gizani, bomba la maji ya moto lilidonoa kama kuku aliyesahauliwa humo na wajenzi. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Jumanne, na baridi ya Buffalo ilikuwa imekaa juu ya paa kama mwenye nyumba. Corinne Pawlak alikuwa macho muda mrefu. Tess, bintiye wa miaka mitano, alikuwa amelala kinyumenyume, kisigino kimoja kwenye mbavu za mama yake, na Corinne hakukiondoa. Kisigino kilikuwa na joto, na siku hiyo alihitaji joto lolote atakalolipata.

Kilichomkosesha usingizi kilining'inia mlangoni, ndani ya mkoba: karatasi moja iliyochapwa vizuri, yenye nafasi chini kwa ajili ya sahihi yake. Ilisema kwamba yeye, Corinne Pawlak, fundi wa maabara, ndiye aliyepakia sampuli zote kumi na nne za Profesa Pruitt, kwa mikono yake mwenyewe, na kwa usafi unaotakiwa. Karatasi haikuwa na kosa ila neno moja, nalo ni hilo "zote". Yeye alikuwa amepakia kumi na moja.

Akisaini kabla ya kesho, Profesa angempa barua ya kumwombea nafasi ya kusoma kemia chuoni mchana, kama watu wengine, badala ya kuikimbilia jioni akiwa na macho mazito. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. Asiposaini, Profesa hakusema itakuwaje. Ellsworth Pruitt hakuwa mtu wa kutisha watu kwa maneno. Yeye alivua miwani, akaifuta taratibu, nawe ukajikuta umeshaogopa.

Kazi ya maabara ile, ukiyaondoa maneno makubwa, ilikuwa kuzionea molekuli. Unachukua vitu visivyo na hatia. Nitrojeni, kwa mfano, ambayo kila mtu anaivuta na kuitoa puani bila hata kuisalimia: atomu mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu, zimefunga mlango, hazitaki mgeni. Na haidrojeni, nyepesi kuliko vitu vyote. Unazifungia pamoja katika tundu dogo kuliko upana wa unywele, kwenye kibati kilichokaa kati ya almasi mbili zinazotazamana ncha kwa ncha. Kifaa chenyewe wao wanakiita kopo, na kweli kinaenea kiganjani kama kopo la mafuta ya midomo. Kisha unakaza skrubu za kando, robo mzunguko, robo mzunguko, hadi mbano mle ndani uwe mara laki tano ya huu wa hewa tunayotembea nayo. Hapo hata wenye kufunga mlango hufungua. Wengine huoana, wengine huachana, na wewe uko nje na leza yako unachungulia.

Leza ikipiga, kila kifungo kati ya atomu na atomu hutoa mstari wake mahali pake kwenye grafu, na mtaalamu huusoma kama mtu anayesoma majina kwenye milango. Mwezi wa tisa, kwenye grafu ya Profesa Pruitt, mstari ulitokea mahali ambapo hapakuwa na mlango.

Profesa alikuwa ameusubiri miaka ishirini na miwili. Alisema ni nitrojeni na haidrojeni zimeoana kwa namna mpya, kwa minyororo mirefu ambayo ulimwengu haujapata kuiona. Mtu mmoja kwenye kikao aliuliza mbona mstari uko chini kidogo ya pale vifungo vya aina hiyo hukaa. Profesa akaandika kurasa nne kueleza jinsi mbano ulivyoushusha. Hakuiita dutu ile kwa jina lake mwenyewe, la hasha. Aliandika tu "Dutu ya Pruitt" mlangoni pake, ndani ya alama za kunukuu, ili wengine waanze. Chuo kikamwokea keki yenye umbo la almasi. Mjumbe wa bodi akamuuliza kama dutu hiyo itawapeleka watu Mars. Profesa hakusema ndiyo. Ila ilimchukua dakika kumi na moja kutosema.

Corinne alikula kipande cha keki hiyo akiwa amesimama, karibu na pipa la taka, mahali mafundi wanaposimama kwenye sherehe. Kabla ya kemia alikuwa saluni ya kucha, miaka sita, akichora maua kwenye kucha za vidole vidogo vya maharusi wenye wasiwasi. Jioni alisoma; Tess alilala kwa bibi yake; na siku moja tangazo la kazi lilisema anatakiwa mtu mwenye mkono usiotetemeka. Madaktari wa falsafa watatu waliomtangulia pale walikuwa wamepoteza chembe mia mbili za yakuti kwenye zulia. Corinne, kwa mwaka mzima, alipoteza nne.

Maana lazima uweke yakuti. Kila kopo linapakiwa chembe moja, ndogo kuliko vumbi, ndani ya lile tundu. Ukiimulika huwaka nyekundu, na wekundu wake husogea kadiri mbano unavyozidi, basi ndiyo inayokwambia umefika wapi. Shida ni kuiokota. Sindano kavu haishiki kitu. Wazee wa kazi hii, duniani kote, wana dawa yao: unapitisha ncha ya sindano ubavuni mwa pua, kidogo tu, inapata mafuta yanayotosha kubeba chembe moja. Ni haraka, haina gharama, na pua iko karibu wakati wote. Lakini katika tundu lenye upana wa nusu unywele, tone la mafuta ya pua ni kama ndoo ya samli iliyomwagwa bafuni. Kwa hiyo ukutani, juu ya hadubini, Profesa mwenyewe alikuwa amebandika tangazo: HAPA PUA NI YA KUPUMULIA.

Corinne hakuhitaji tangazo. Alitumia unywele mmoja wa brashi ya kucha aliougundisha kwenye kijiti cha meno. Ila kila walipokuja wageni wenye kamera, Profesa alimgusa bega. "Nipishe kidogo, Corinne." Akakaa yeye, akapakia yeye, akapigwa picha yeye. Mara tatu. Kwenye daftari la kupakia, hata siku hizo tatu, liliandikwa jina la Corinne, kwa kuwa utaratibu wa maabara ni kwamba fundi ndiye anayeandikwa. Hakuna aliyeona tatizo. Daftari halipigwi picha.

Halafu Daktari Odile Gagnon wa Montreal akajaribu kuipika Dutu ya Pruitt mara tisa, asipate hata harufu. Akaandika barua ya adabu sana, ile adabu inayokukata nawe unashukuru. Kesho, Jumatano, alikuwa anakuja mwenyewe.

* * *

"Dada, saini tu," alisema Nikhil.

Nikhil Sastry alikuwa daktari kijana wa maabara hiyo, mtu wa leza, mwenye huruma na mwenye woga. Kibali chake cha kuishi nchini kilining'inia kwenye kalamu ya Profesa, na alikiona kikipepea kila siku.

"Nisaini nini? Mimi sikupakia zote."

"Karibu zote. Nani anahesabu?"

"Nimehesabu mimi. Mstari umetokea kwenye sampuli ngapi?"

"Tatu."

"Na Profesa alipakia ngapi?"

Nikhil alianza kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa tangu Ijumaa.

"Mbona huulizi ni zipi?" Corinne akamwandama.

"Siulizi kwa sababu najua, we dada! Nimejua tangu keki. Nikala, na nikaongeza." Akashusha sauti. "Unafikiri nalala? Lakini nikisema, nitasemea Hyderabad, mwezi ujao, sebuleni kwa mama yangu."

Corinne alimtazama akamwonea huruma, kisha akajionea na mwenyewe. "Haya. Tusibishane. Tukiweka argoni tupu, bila nitrojeni wala haidrojeni, mstari utatoka?"

"Argoni? Gesi ile haijibu hata salamu. Itaungana na nani? Hautatoka."

"Nisaidie kujaza makopo mawili."

Walijaza wakati wa chakula cha mchana, wenzao wakiwa wamekwenda kula mabawa ya kuku ya pilipili. Kopo la kwanza Corinne alilipakia yakuti kwa unywele wake wa brashi. La pili akachukua sindano, akavuta pumzi, akaipitisha ubavuni mwa pua yake. Alijisikia mchafu na mwenye raha, kama mtu anayelamba sahani mahali hakuna wageni. Chembe ikanata mara moja. Wakafunga, wakajaza argoni, wakakaza robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi yakuti iliposema laki tano.

Grafu ya kopo la kwanza ilikuwa tambarare kama uwanja wa mpira uliofunikwa theluji.

Ya pili iliinuka. Mahali palepale. Hadi kile kinundu kidogo upande wa kushoto, ambacho Profesa alikiandikia aya mbili, kilikuwapo.

Nikhil alikaa chini. "Hiyo pua yako, dada."

"Pua ya masomo ya jioni hiyo."

"Imefanya kwa nusu saa kitu ambacho bwana mkubwa amekingoja miaka ishirini na miwili."

"Basi tupeleke watu Mars. Tunahitaji pua tu, na mimi ninayo."

Wakacheka mpaka Nikhil akajifunika uso kwa koti la maabara. Mafuta ni kaboni na haidrojeni; kifungo chao hutoa mstari pale pale; jambo hilo limo kwenye kitabu cha muhula wa pili cha Corinne, na ukurasa wenyewe una doa la uji wa Tess. Profesa Pruitt alikijua kifungo hicho kuliko mwandishi wa kitabu. Asichokijua kilikuwa vidole vyake mwenyewe. Kisha kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja, maana saa ya chakula ilikuwa imekwisha na viatu vilisikika koridoni.

Corinne hakutaka kumvizia mtu. Saa tisa alibisha mlango wenye alama za kunukuu.

"Samahani, Profesa. Una dakika moja?"

"Kwa ajili yako, Corinne, ninazo tatu."

Akamwekea grafu mezani. Profesa aliitazama, na kwa nukta chache tu shingo yake ilielewa. Corinne aliiona ikielewa, ikiwa nyekundu kuanzia kola kwenda juu.

"Ni sampuli ipi hii?"

"Si yetu. Ni argoni."

"Argoni na nini?"

"Na pua yangu."

Profesa alivua miwani. Akaifuta upande mmoja. Akaifuta upande wa pili.

"Unajua tatizo la masomo ya jioni, binti? Yanampa mtu majibu kabla hajapata swali."

"Swali ninalo, Profesa. Ni zile sampuli tatu."

"Umesaini karatasi?"

"Ina neno moja lisilo kweli."

"Neno gani?"

"Zote."

"Ni neno dogo."

"Ndiyo maana halitachukua muda kulifuta."

Alivaa miwani na kutabasamu, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko miwani. "Sikiliza. Tuseme uchafu upo. Nasema tuseme. Usafi wa sampuli ni kazi ya nani humu ndani? Ni ya fundi. Fundi kijana, ana mtoto mdogo, amechoka, mkono umeteleza. Mimi nitakuwa nimepotoshwa, wewe utakuwa umekosea. Watu watanipa pole, watakusamehe, na mwakani hakuna atakayekumbuka. Lakini barua yako," akafungua saraka, "barua yako itakuwa imeshafika."

Ilikuwa kurasa mbili. Corinne alisoma mistari ya juu kabla hajajizuia. Mikono bora kuliko yote niliyofanya nayo kazi. Akili inayouliza. Macho yakamlowa, kwa sababu hajawahi mtu kuandika kitu kama hicho juu yake, na kwa sababu kilikuwa kweli, na kwa sababu kilikuwa kinauzwa. Barua ya kuisifu mikono yake, na karatasi ya kusema mikono hiyohiyo ndiyo michafu, zote zitiwe sahihi siku moja ili zisafiri pamoja.

"Nitafikiri, Profesa," alisema.

"Fikiri. Ila usifikiri kwa pua," akajibu Profesa, na akaona amesema jambo la kuchekesha sana.

* * *

Usiku ziwa lilirusha theluji yake yote mjini, kama kawaida yake, na asubuhi redio ikasoma majina ya shule zilizofungwa. La shule ya Tess lilikuwa la tatu. Bibi yake hakuweza kulifukua gari. Kwa hiyo Jumatano, mgeni wa Montreal alipoingia maabara akipangusa viatu, alimkuta msichana mdogo chini ya ubao, na kalamu za rangi kumi na mbili, akimpaka farasi rangi ya zambarau.

Daktari Gagnon alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua. Alisikiliza maelezo ya Profesa kwa dakika arobaini. Alikula biskuti tano. Mwishowe akauliza jambo moja.

"Nani alipakia?"

"Fundi wetu," Profesa alisema kwa upole mkubwa. "Mwenye bidii sana. Ametupa taarifa ya maandishi." Akanyoosha mkono kuelekea kwa Corinne bila kumtazama, kama mtu anayeomba chumvi.

Corinne alifungua mkoba. Alimpa karatasi. Profesa akaipokea, akaigeuza, akatafuta sahihi mbele na nyuma.

"Nimepakia kumi na moja," Corinne alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaisukuma. "Tatu alipakia Profesa mwenyewe. Mstari uko kwenye hizo tatu tu. Kwenye zangu haumo."

Nikhil alikuwa anaangalia sakafu kana kwamba imeandikwa kitu.

"Na hii ni ya jana." Akaweka grafu mezani, kando ya biskuti.

Daktari Gagnon aliinama. "Mstari uleule. Ni nitrojeni na haidrojeni?"

"Hapana, Daktari. Argoni na mafuta ya pua."

"Pua ya nani?"

"Yangu. Lakini nadhani pua yoyote itafaa."

Mtu mmoja nyuma alikohoa, na hakikuwa kikohozi.

"Hii imefanywa bila idhini!" Profesa alisema. "Bila usimamizi, na mtu ambaye juzijuzi alikuwa anapaka watu rangi za kucha. Mimi, Odile, nimepakia makopo kabla binti huyu hajazaliwa. Kwa mikono hii. Kwa usafi ambao niliubandika ukutani mwenyewe."

"Basi pakia moja, Ellsworth," akasema Daktari Gagnon. "Nimepita kwenye theluji kwa muda wa saa saba. Nionyeshe."

Profesa Pruitt hakuwa mtu wa kukataa kutazamwa. Alikaa kwenye kiti kirefu, akakunja mikono ya shati, akaweka macho kwenye hadubini. Kwenye skrini kubwa ukutani yaliyozoea kuonwa na macho yake tu wakayaona wote: tundu jeusi kama kisima, chembe ya yakuti kama gololi iliyosahauliwa, na ncha ya sindano nene kama nguzo ya simu. Sindano ikashuka. Ikaigusa chembe. Chembe ikakataa. Ikagusa tena, chembe ikabingiria kando kama mtoto asiyetaka kuvalishwa. Dakika tano. Dakika kumi. Jasho likamtoka Profesa juu ya mdomo. Watu wakapumua kwa kujizuia. Mtu anayetafuta kitu kidogo anaheshimiwa, hata akiwa adui.

Kisha, akiwa bado ameinama, akiwa amesahau wageni, bodi, Mars na tangazo lililokuwa wima juu ya kichwa chake, mkono wake ukapanda wenyewe. Haukumwuliza. Ulikuwa umeifanya safari hiyo miaka arobaini. Ukaipitisha sindano ubavuni mwa pua, upande wa kulia, taratibu, kwa mapenzi, ukashuka.

Skrini ikaonyesha nguzo ya simu iking'aa.

Chembe ikanata mara ya kwanza. Ikasafiri, ikatua katikati ya tundu kama yai kwenye kiota. Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri mno. Profesa akainua uso uliojaa ushindi.

"Mmeona?"

"Tumeona," alisema Daktari Gagnon.

Walikuwa wameona wote, hata mtunza mitungi ya gesi aliyekuja kuomba sahihi. Tess peke yake hakuona. Alikuwa anatafuta kalamu ya kijani ya mkia. Profesa alitazama uso mmoja, akatazama wa pili, na kwenye wa tatu akafikisha kidole puani polepole, akakishusha, akakitazama.

Kopo lile walilijaza argoni hivyohivyo. Mstari ulitoka kabla ya saa nane, mrefu, wenye afya, na kinundu chake kushoto.

Ungedhani mtu angejificha. Huwajui maprofesa. Ilipofika saa tisa Profesa Pruitt alikuwa koridoni akimweleza mkuu wa idara kwa mikono yote miwili kwamba amegundua chanzo cha uchafu ambacho hakijawahi kuripotiwa ipasavyo, kwamba taaluma nzima iko hatarini, na kwamba ataandika juu yake wiki hii hii. Alipompita Corinne alisimama.

"Ile barua," alisema. "Nimebanwa sana na kazi. Naona Ijumaa haitawezekana."

"Naelewa, Profesa."

"Hakuna kinyongo."

"Hakuna," akasema Corinne, na huo ndio uongo pekee aliosema siku hiyo.

Aliponyanyua begi la Tess kwenda zake, Daktari Gagnon alimfuata hadi maegeshoni na kumsaidia kukwangua kioo cha gari kwa kadi ya hoteli.

"Ataandika yeye," alisema yule mama, mvuke ukimtoka chini ya kofia. "Ataandika upesi na ataandika vizuri. Wewe unaandika upesi?"

"Polepole sana. Na mimi si daktari."

"Pua yako je, ni daktari?" Akapiga visigino vya viatu chini. "Andika ulichofanya na ulichokiona, basi, na jina lako juu. Nitumie leo kabla ya saa tatu usiku. Na usinitazame hivyo, bibie. Barua ya sifa sikupi, sikujui. Nitaisoma tu. Ikiwa imekaa sawa, nitawaandikia wale waliochapisha kazi yake kwamba wewe ndiye uliyeonyesha, na lini."

* * *

Jikoni Tess alikula makaroni kwa mkono mmoja. Corinne aliandika kwenye kompyuta upande wa pili wa meza. Alifuta sana. Maneno makubwa yalikuja yenyewe, kama wageni waliosikia kuna keki, akayatoa moja moja hadi yakabaki yaliyofanya kazi: kopo la kwanza, kopo la pili, unywele wa brashi, sindano, pua, mstari. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu.

Nikhil alipiga simu saa moja.

"Dada, unaandika?"

"Naandika. Ulijaza makopo pamoja nami. Nikuweke?"

Simuni ukasikika mlango ukifungwa taratibu.

"Niweke kwenye shukrani," alisema. "Kwa herufi ndogo." Kabla hajakata akaongeza, "Hapana. Ngoja. Herufi za kawaida."

Kwenye fomu ya chuo, iliyokuwa wazi kando, palikuwa na nafasi ya barua ya anayekufahamu, na nafasi hiyo ilikuwa tupu. Corinne aliitazama. Hakujua kama wangempokea mtu asiye na mtu. Akaamua kuuambatisha ule ukurasa mmoja na nusu mahali barua ilipotakiwa kukaa, wafanye wanavyojua. Kisha akarudi juu kabisa ya ukurasa, chini ya kichwa cha habari, mahali ambapo wakubwa hukaa, akaandika herufi kwa herufi: Corinne Pawlak.

Tess alishuka kitini, akazunguka meza, akapanda mapajani mwa mama yake na mdomo wa jibini. Tangu mwezi wa tisa shuleni walikuwa wanafundishwa kuandika majina. Aliweka kidole kwenye skrini, kwenye herufi ya kwanza, akakisogeza pole pole mpaka ya mwisho, midomo ikihesabu.

"Mama, jina lako ni refu kuliko langu."